Kesi, Hukumu na Simu Yako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi tena na tena kwa wasaidizi wa kisheria, kwa mawakili na kwenye masjala za mahakama tangu majalada yaanze kuhama kutoka kabatini kwenda kwenye mtandao. Majibu yanahusu Tanzania Bara na Kenya. Zanzibar ina mahakama zake na taratibu zake, na tumeitaja pale tu inapobidi.

Neno moja kwa msomaji wa Tanzania: Toleo la Marekebisho la Sheria la mwaka 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na vifungu vingi vimepata namba mpya. Kwa hiyo hapa tunataja sheria kwa jina na mwaka. Ukipewa namba ya kifungu na mtu, muulize ni ya toleo lipi.

## Kufungua na kufuatilia kesi

1. Je, siku hizi lazima kesi ifunguliwe mtandaoni?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Tanzania ilitunga kanuni za kuwasilisha nyaraka kielektroniki mwaka 2018, na tangu mwishoni mwa 2023 Mahakama inatumia mfumo mpya wa kuratibu mashauri, ambao mawakili wengi wanauita tu e-CMS. Kenya ilianza na mahakama za Nairobi tarehe 1 Julai 2020, wakati wa korona, kisha Machi 2024 mfumo ukatangazwa kwa vituo vyote vya mahakama nchini.

Hilo halimaanishi kwamba mlango wa mahakama umefungwa kwa asiye na kompyuta. Masjala bado ipo na makarani bado wapo. Mahakama ya Mwanzo Tanzania bado inaweza kupokea malalamiko ya mdomo, nayo yakaandikwa pale pale. Karani akikwambia "nenda ukajaze mtandaoni" na wewe huna uwezo huo, mwombe kwa heshima akuelekeze kwa afisa anayesaidia wananchi kuingiza mashauri. Akikuzungusha, omba kumwona hakimu mfawidhi au msajili wa kituo.

2. Sina simu janja. Je, ni sawa mtu wa steshenari anifungulie kesi?

Anaweza kukuchapia, kuskani na kupakia nyaraka. Shida kubwa iko kwenye kitu ambacho watu hawakitazami: barua pepe na namba ya simu iliyoandikwa kwenye akaunti.

Jambo lenyewe huenda hivi. Mama anafika steshenari ng'ambo ya barabara kutoka mahakamani, amebeba karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki. Kijana wa dukani ana haraka, foleni ni ndefu, na mama hana barua pepe. Kijana anaweka barua pepe ya duka na nywila anayoijua yeye peke yake. Kesi inafunguliwa, mama anapewa karatasi iliyochapwa, anaondoka ameridhika. Wiki kadhaa baadaye tarehe ya kusikilizwa inatumwa kwenye barua pepe ya duka. Hakuna anayeisoma. Siku ya kesi inafika, mama hayupo, na shauri linaweza kufutwa kwa kukosa mlalamikaji.

Usikubali hata siku moja kufunguliwa akaunti kwa barua pepe ya mtu usiyemjua. Kama huna yako, tumia ya mwanao, ya mdogo wako au ya mtu wa nyumbani anayeshika simu kila siku. Weka namba yako ya simu, ile unayopokea mwenyewe. Andika nywila kwenye daftari na uitunze. Kisha, kabla hujatoka dukani, soma jina lako, la mdaiwa na namba ya shauri kwenye skrini, herufi kwa herufi. Kosa la jina ni rahisi kulisahihisha siku hiyo kuliko baada ya hukumu.

3. Siku ya mwisho ya kukata rufaa ni leo. Nikipakia saa tano usiku nimechelewa?

Kwa kanuni za Tanzania za 2018, nyaraka iliyowasilishwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku inahesabiwa kuwa imewasilishwa siku hiyo. Lakini hapo pana mtego: ada. Kumekuwa na mabishano mengi mahakamani kuhusu siku halisi ya kuwasilisha, kama ni ile ya kupakia au ile ya kulipa. Usiiache rufaa yako ikawa uwanja wa mabishano hayo. Ukipata namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontrolo namba, lipa usiku huo huo na utunze ujumbe wa muamala.

Mfumo ukigoma, piga picha ya skrini inayoonyesha kosa pamoja na saa, na asubuhi yake nenda kwa msajili ukaeleze kwa maandishi. Mtandao nao hukatika kwa sababu zisizokuhusu. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Kuanzia 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa Tanzania kwa siku kadhaa. Katika hali kama hizo omba kuongezewa muda mara tu mtandao unaporudi, na ueleze kila siku iliyopita. Mahakama huwa ngumu kwa mtu aliyenyamaza wiki tatu baada ya kikwazo kuondoka.

4. Nimeletewa hati ya wito kwa WhatsApp. Niipuuze?

Hapana. Kenya ilibadilisha kanuni za mashauri ya madai mwaka 2020, na sasa wito unaweza kupelekwa kwa barua pepe au kwa huduma za ujumbe za simu, WhatsApp ikiwemo. Ukikaa kimya, kesi inaweza kuamuliwa bila wewe kuwepo.

Pande zote mbili za mpaka, ushauri ni uleule: chukua namba ya kesi iliyomo kwenye hati, piga simu au nenda mahakamani ukaulize kama kesi hiyo ipo. Usitumie namba ya simu iliyoandikwa kwenye ujumbe wenyewe. Matapeli wamejua kwamba neno "mahakama" linatetemesha watu, nao hutengeneza hati zenye nembo na mhuri, kisha wanaomba "faini" kwa namba binafsi. Malipo ya mahakama hayapiti kwenye namba binafsi ya mtu yeyote, awe karani au dalali.

5. Nitajuaje kama huyu ni wakili kweli?

Tanzania kuna mfumo wa Mahakama unaoitwa e-Wakili, unaoonyesha jina la wakili na kama ana leseni ya mwaka husika. Kenya, Chama cha Mawakili kina orodha yake ya kutafuta mtandaoni. Ni kazi ya dakika mbili, na kwa kweli inapaswa kufanywa kabla shilingi yoyote haijatoka mfukoni, maana vishoka ni wengi na wanavaa suti vizuri.

Hata hivyo jina kuwepo kwenye orodha hakutoshi. Oktoba 2023 Kenya nzima ilizungumzia mtu aliyedaiwa kutumia utambulisho wa wakili mwingine ndani ya orodha hiyo hiyo. Kwa hiyo linganisha picha, uliza ofisi iko wapi, nenda ukaione, na udai risiti.

## Kesi kwa njia ya video

6. Kesi yangu itasikilizwa kwa video. Nijiandae vipi?

Kenya mahakama huweka kiungo cha kuingilia kwenye orodha ya kesi za siku, kwa hiyo itafute orodha hiyo tangu jana yake. Tanzania inaongozwa na kanuni za 2021 za mashauri ya mbali na kurekodi kielektroniki, na mara nyingi unaweza kutumia chumba cha video kilichopo kwenye kituo cha mahakama kilicho karibu nawe.

Ingia mapema. Andika jina lako kamili na namba ya kesi mahali pa jina, maana "Galaxy A14" hakuna hakimu anayemjua. Zima maikrofoni hadi uitwe. Kaa mahali tulivu, na usikae na mtu anayekunong'oneza majibu: ushahidi unaotolewa kwa kusomewa pembeni hautakusaidia ukigundulika, na hakimu anaona macho yako yanaelekea wapi.

7. Je, naweza kukataa video na kutaka kufika mwenyewe?

Unaweza kuomba, na uombe kwa sababu. Kwa shauri la kutajwa, yaani siku ya kupanga tarehe bila kusikiliza ushahidi, video inaokoa nauli na siku nzima ya kazi. Kusikiliza ushahidi ni jambo jingine, hasa kwenye jinai: mshtakiwa anahitaji kuzungumza na wakili wake faraghani, kumwona shahidi uso kwa uso, na umma kuona haki ikitendeka.

Hoja hii ilisikika sana Aprili 2025, Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani Tanzania, alipokataa kushiriki kesi yake ya Mahakama ya Kisutu kwa njia ya video akiwa gerezani, na mawakili wake wakataka aletwe mahakamani. Mwezi uliofuata alifikishwa mwenyewe. Bila kuingia kwenye siasa zake, swali lililoulizwa pale ni la kila mshtakiwa, na mimi naamini mtu ambaye uhuru wake uko hatarini asilazimishwe kuwa picha ukutani bila sababu nzito.

8. Naweza kurekodi kesi ya video na kuituma kwenye grupu?

Usifanye hivyo bila ruhusa ya mahakama. Unaweza kuingia kwenye kosa la kudharau mahakama, na kama kesi inahusu mtoto au ukatili wa kingono unaweza kumuumiza mtu ambaye sheria inamlinda. Kumbukumbu rasmi ni ile ya mahakama yenyewe. Kesi chache kubwa hurushwa moja kwa moja na mahakama, kama petisheni za urais Kenya, na hizo unaweza kuzitazama kwa amani.

## Ushahidi uliomo kwenye simu

9. Picha ya skrini ya WhatsApp inatosha kuthibitisha deni?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Kwanza, sheria haiukatai ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Tanzania, Mahakama Kuu Kitengo cha Biashara ilikwisha kukubali kumbukumbu za benki za kompyuta katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh ya mwaka 2000, wakati sheria ya ushahidi ilikuwa bado inafikiria vitabu vya karatasi. Marekebisho ya 2007 yakafungua mlango kwenye jinai, kisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ikaufungua kabisa. Sheria hiyo inamtaka hakimu atazame mambo kama haya: ujumbe ulitengenezwa na kutunzwa kwa njia ya kuaminika? Umebaki bila kuchezewa? Aliyeutuma anajulikana vipi? Kenya inadai pia cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa, kikasainiwa na mhusika. Wengi wamepoteza ushahidi mzuri kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Sasa tazama picha za skrini zinavyoletwa. Juu pameandikwa "Mama Zuu". Chini: "Dada nivumilie nitakulipa mwisho wa mwezi." Kiasi hakipo. Tarehe imekatwa, kwa sababu aliyepiga picha alitaka maneno yaonekane makubwa. Namba ya simu haionekani popote. Mdaiwa anasimama anasema: "Mheshimiwa, huyo Mama Zuu si mimi." Na kweli, jina hilo uliliandika wewe mwenyewe kwenye simu yako. Halithibitishi chochote.

Hivi ndivyo inavyopaswa kuwa. Fungua maelezo ya mhusika ili namba kamili ionekane, piga picha hapo. Rudi kwenye mazungumzo, piga picha mfululizo tangu mlipoanza kuzungumzia mkopo hadi mwisho, kila picha ikiingiliana kidogo na iliyotangulia ili isidaiwe kwamba umeruka maneno. Acha tarehe na saa zionekane. Hamisha mazungumzo yote kwa kutumia kitufe cha kuhamisha soga na ujitumie kwa barua pepe. Kisha unganisha namba hiyo na mtu: taarifa ya fedha za simu inayoonyesha jina lililosajiliwa (tazama swali la 11), ujumbe mwingine aliokiri jambo analolijua yeye tu, au shahidi aliyekuwepo. Tanzania laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo mwenye namba si wa kubahatisha.

Na la muhimu kuliko yote, usiiuze simu ile, usiifute, usimpe mtoto aichezee. Chapisho ni nakala, simu ndiyo asili, na hakimu anaweza kutaka kuiona.

Ukiwa Mahakama ya Mwanzo Tanzania, au Mahakama ya Madai Madogo Kenya, mambo ni mepesi kidogo. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake za ushahidi. Ile ya Kenya, iliyoanza kazi mwaka 2021 kwa madai yasiyozidi Sh1 milioni na inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60, haifungwi na masharti makali ya sheria ya ushahidi. Hata huko, namba na tarehe zionekane.

10. Nilimrekodi kwa siri akikiri. Rekodi itakubaliwa?

Inategemea. Katiba za nchi zote mbili zinalinda faragha, na ile ya Kenya inasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za msingi utakataliwa iwapo utaharibu usawa wa kesi. Mtu aliyerekodi mazungumzo yake mwenyewe na anayemdai rushwa yuko mahali pazuri kuliko aliyetega kinasa sauti chumbani kwa wengine. Ujumbe wa sauti uliotumiwa wewe hauna tatizo hili, kwani aliyekutumia alijua unaupokea. Fuata utunzaji ule ule wa swali la 9.

11. Mahakama inakubali ujumbe wa M-Pesa?

Ujumbe mfupi peke yake ni dhaifu, maana mtu anaweza kuuandika. Omba taarifa ya miamala kutoka kwa kampuni ya simu yenyewe. Tangu huduma hii ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, imekuwa daftari la madeni la watu ambao hawajawahi kuandikiana mkataba. Bado inaonyesha tu kwamba fedha zilihama. Kwamba ulikuwa mkopo na si zawadi au mchango wa harusi, ni lazima ulithibitishe kwa njia nyingine. Nakusihi, ukimtumia mtu mkopo, mwandikie papo hapo: "Nimekutumia laki tatu ulizokopa kwangu, utarudisha tarehe fulani." Akijibu "sawa, asante", umepata mkataba.

12. Mume wangu amenitumia talaka kwa WhatsApp. Ndoa imekwisha?

Dada yangu, usihame nyumba wala usisaini chochote kwa sababu ya ujumbe huo. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na ni mahakama inayotoa amri ya talaka. Kwa ndoa ya Kiislamu, talaka iliyotolewa kidini huzingatiwa na mahakama, lakini ujumbe peke yake haugawi mali wala haupangi malezi ya watoto. Kwa Kenya na Zanzibar nenda kwa Kadhi. Yeye ndiye atakayemuuliza mume kama ni yeye aliyeandika, alikusudia nini, na eda na matunzo yako yatakuwaje.

Utunze ujumbe huo kama ilivyoelezwa katika swali la 9. Kuufuta kwa hasira ni kumsaidia yeye.

13. Mkataba uliosainiwa kwenye simu ni halali?

Kwa mikataba mingi ya kawaida, ndiyo, kwa sharti kwamba unaweza kuthibitisha nani alisaini na kwamba maandishi hayajabadilishwa. Wosia uandike kwenye karatasi, mbele ya mashahidi. Kwa ardhi, fuata utaratibu wa ofisi ya ardhi hadi mwisho, hata kama muuzaji amekutumia picha ya hati yenye mihuri mizuri.

## Hukumu zilizochapishwa

14. Naweza kusoma hukumu za watu wengine bila kulipa?

Unaweza, na hapa ndipo mimi naona mageuzi makubwa kuliko yote. Zamani hukumu zilikaa kwenye vitabu vizito vya ripoti za sheria, vya bei ambayo wakili wa mkoani alikuwa anaviazima. Leo TanzLII, inayoendeshwa na Mahakama ya Tanzania, inaweka hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu wazi kwa kila mtu. Kenya Law hufanya hivyo Kenya, na ULII Uganda. Mfungwa anayejiandalia rufaa, mwanafunzi wa Iringa na wakili wa ghorofani Upanga wanasoma ukurasa uleule.

Kila hukumu ina utambulisho wake: mwaka, kifupi cha mahakama, kisha namba. TZCA ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, TZHC ni Mahakama Kuu, KESC ni Mahakama ya Juu ya Kenya, KEHC ni Mahakama Kuu ya Kenya. Zijue herufi hizo, zitakufaa kwenye swali la 20.

Kikwazo kilichobaki ni lugha. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na baadhi ya kumbi sasa zina mfumo wa akili mnemba unaogeuza maneno yanayosemwa kuwa maandishi na kuyatafsiri. Lakini hukumu nyingi za ngazi za juu bado zinatoka kwa Kiingereza. Mtu anayefungwa miaka 30 ana haki ya kuelewa kwa nini, kwa maneno yake.

15. Jina langu linatokea Google kwa sababu ya hukumu ya zamani. Ifutwe?

Kwa kawaida hukumu ni waraka wa umma na haifutwi kwa sababu inaaibisha. Watoto na waathirika wa makosa ya kingono hufichwa kwa herufi za mwanzo au namba. Kama jina la mtoto limeachwa wazi, iandikie mahakama iliyotoa hukumu na ofisi inayochapisha, ukitaja ukurasa na aya. Kosa la aina hiyo hurekebishwa. Kama uliachiwa huru kwenye rufaa lakini watu wanasambaza hukumu ya chini, sambaza ya rufaa.

## Maisha ya kila siku

16. Aplikesheni ya mikopo imewatumia ndugu zangu ujumbe kwamba mimi ni tapeli. Nifanyeje?

Deni lako linabaki kuwa deni, lakini aibu hiyo si haki yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, peleka malalamiko huko. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya aplikesheni za mikopo zisizo na leseni, kwa hiyo angalia kwanza kama iliyokukopesha imo. Kenya, sheria ni ya 2019, na Kamishna wa Ulinzi wa Data anatakiwa kumaliza lalamiko ndani ya siku 90.

Ambatanisha ujumbe waliopokea ndugu zako, ukiwa kwenye simu zao wao, pamoja na namba zilizowatumia. Ujumbe uliosambaziwa wewe na shangazi una nguvu ndogo kuliko ule uliobaki kwenye simu ya shangazi.

17. Shule imeweka picha ya mwanangu kwenye Facebook bila kuniuliza.

Andika barua ya kuomba iondolewe, ukitaja tarehe. Wasipojibu, nenda kwenye ofisi zilizotajwa katika swali la 16. Septemba 2023 Kamishna wa Kenya alitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, kwa hiyo usiambiwe kwamba hili ni jambo dogo.

## Hali zisizo za kawaida

18. Naweza kuishtaki kampuni ya mtandao ambayo haina ofisi hapa?

Kenya imeonyesha kwamba inawezekana. Wafanyakazi waliokuwa wakichuja picha na video za kutisha za Facebook jijini Nairobi, wakiwa wameajiriwa kupitia kampuni ya kandarasi, waliishtaki pia Meta, kampuni mama ya Facebook. Meta ikasema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Februari 2023 Mahakama ya Ajira ikakataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo. Mei 2025, katika kesi nyingine, Mahakama Kuu iliamuru Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ifute data za miili ya Wakenya, zikiwemo picha za mboni za macho, ndani ya siku saba.

Kesi hizi ni ndefu na ghali. Mtu mmoja hazimudu, lakini kundi lenye taasisi ya haki za binadamu nyuma yake linaweza.

19. Je, mahakama inaweza kulazimisha kompyuta za mpinzani wangu zifunguliwe?

Inaweza kuamuru, na anayekaidi hujiumiza. Mfano mkubwa ni petisheni ya urais ya Kenya ya 2017. Mahakama ya Juu iliagiza tume ya uchaguzi, IEBC, iruhusu seva zake zikaguliwe kwa kusoma tu. Tume haikutekeleza ipasavyo, na majaji walio wengi wakachukulia kwamba kilichofichwa kingethibitisha madai ya walalamikaji. Tarehe 1 Septemba 2017 uchaguzi ukabatilishwa. Mwaka 2022 tume iliweka fomu za matokeo, 34A, za vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni, na yeyote mwenye kifurushi cha data akaweza kujumlisha mwenyewe.

Katika kesi yako ya kawaida, omba kwa maandishi na utaje kitu mahususi: kumbukumbu za siku fulani, kutoka mfumo fulani. Maombi ya "kila kitu" hukataliwa.

20. Akili mnemba imenipa kesi tano zinazoniunga mkono. Nizitumie?

Usitumie hata moja kabla hujaisoma mwenyewe kwenye TanzLII au Kenya Law. Programu hizi hutunga kesi ambazo hazijawahi kuwepo, zikiwa na majina, mwaka na maneno ya jaji. Juni 2023 jijini New York, mawakili wa kesi ya Mata dhidi ya Avianca walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi za namna hiyo. Mwaka 2025 mahakama za Afrika Kusini na Uingereza zikatoa karipio kali kwa mawakili wao.

Chukua utambulisho uliopewa, mfano TZCA na namba, uutafute. Usipoonekana, kesi hiyo usiitaje. Ukionekana, soma aya yenyewe, maana wakati mwingine kesi ipo lakini inasema kinyume. Kwa kuelewa maneno magumu au kupanga hoja zako, programu hizi zinasaidia. Lakini usizimwagie siri za kesi yako, majina ya watoto wala ripoti za hospitali.

21. Wameleta sauti inayofanana na yangu, nami sijawahi kusema maneno hayo.

Pinga mapema, kabla rekodi haijapokelewa kuwa kielelezo. Baada ya hapo kupinga ni kugumu zaidi. Uliza ilirekodiwa kwa kifaa gani, kiko wapi, nani alikitunza, na faili ya kwanza iko wapi. Rekodi iliyopita kwenye magrupu matatu ya WhatsApp imepoteza alama nyingi za ilikotoka, na hilo liseme wazi. Omba mtaalamu wa uchunguzi wa kidijitali aikague faili asili.

Kisha onyesha ulikuwa wapi saa hiyo: risiti, miamala ya simu, mahudhurio ya kazini, watu uliokuwa nao. Na usijibu kwa kutengeneza sauti yako bandia ili kuonyesha ilivyo rahisi, bila kwanza kumwambia hakimu unachotaka kufanya na kwa nini.